Malkia na Bima Ndogo

Jumatatu, 2 Juni
Nimekata bima! Malkia, gari langu la mkono wa tano, sasa ana stika kama magari ya wenye nazo. Dada wa bima kaniuliza kubwa au ndogo. Nikamwambia ndogo, na kama kuna ndogo zaidi anionyeshe. Akasema hiyo ndiyo ya mwisho kisheria, chini yake ni polisi. Sawa. Jumamosi nampeleka Binti yangu chuo cha uuguzi, mimi mwenyewe kwenye usukani. Wa kwanza kwenye ukoo wetu kufika chuo! Hawezi kushushwa na gari la mjomba wake na baba yupo.

Jumanne, 3 Juni
Boneti ya Malkia imefungwa kamba. Nikarudi kwa dada wa bima, wanitengenezee. Akanieleza polepole, kama anayemlisha mtoto uji: bima ndogo inamlipa mwenzangu nikimgonga. Gari lake, mguu wake, ukuta wake. La kwangu? Shauri yangu. Nikauliza, je, mwenye bima ndogo akinigonga mimi? Akasema hapo bima yake ndiyo itakayonilipa. Akaongeza kwamba ajali ya makusudi hailipwi, ila nilikuwa nimeshafika mlangoni. Shemeji, kaka wa mke wangu, jirani yetu wa mbele, ana pikapu. Ana bima ndogo. Na kila asubuhi anarudi rivasi bila kutazama nyuma!

Jumatano, 4 Juni
Nimeegesha Malkia nyuma ya pikapu, bampa kwa bampa. Nikajibanza dirishani na chai. Shemeji akatoka, akatazama, akaenda kazini kwa miguu! Jioni akasema hakutaka kuniamsha, nimechoka. Mke wangu akasema kaka yake ana roho nzuri.

Alhamisi, 5 Juni
Tena. Leo Shemeji kagundua breki ya mkono ya Malkia haishiki, na pale ni mteremko. Akaweka mawe mawili mbele ya magurudumu. Kisha akatoa pikapu kwa mbele, katikati ya bustani yake mwenyewe ya nyanya. Jamani! Huruma nyingine ni uchokozi.

Ijumaa, 6 Juni
Siku ya mwisho. Shemeji kawasha injini, nami nikaondoa mawe ili nisogee karibu zaidi. Sijashika mlango, Malkia huyo! Peke yake! Nikamkimbilia, nikang'ang'ania kioo cha pembeni. Kikabaki mkononi. Puu! Taa mbili za pikapu chini, rejeta ya Malkia inamwaga maji. Dada wa bima akaja, akapiga picha, akaandika. Shemeji atapata taa mpya. Mimi, shauri yangu. Shemeji akaomba radhi, eti mawe aliyaweka vibaya. Nilitaka kusema ukweli. Nikakohoa. Binti kanitazama tu, na mimi sikuweza kumtazama.

Jumamosi, 7 Juni
Shemeji kanikabidhi funguo za pikapu. Akasema baba ndiye anayempeleka mwanawe. Yeye akapanda nyuma, akaketi juu ya godoro la Binti, kavaa suti yake ya harusi. Kwenye geti la chuo Binti akaniambia baba, ningekuja nawe hata kwa miguu. Nimelia. Nikasingizia vumbi. Wakati wa kurudi nikaungama yote kwa Shemeji. Akasema alijua tangu Jumatano, nani anaegesha gari vile na akili zake timamu? Akacheka hadi akashika mbavu. Nampenda mtu huyu, basi tu.

Jumapili, 8 Juni
Nimetubu. Shemeji simchezei tena, haki ya Mungu. Ila Binti anakuja likizo baada ya miezi mitatu, na lazima apokewe na Malkia. Nimepita kwa kinyozi wa kona. Ana gari. Ana bima ndogo, kaniambia mwenyewe. Na miwani yake imevunjika tangu juzi! Nimemwomba ruhusa nimsukume Malkia hadi nyuma ya gari lake, kwa sababu ya kivuli. Kakubali, na kaahidi kuja kusaidia kusukuma.