Kuini Apakwa Tui

Jumatano, 10 Septemba

Mchungaji ametangaza baada ya ibada ya alfajiri. Mgeni mkubwa wa Kanisa anakuja hapa kisiwani 'Eua Jumamosi ya wiki ijayo. Mkokoteni wa kumtoa gatini utavutwa na farasi anayependeza kuliko wote kijijini. Kanisa zima likamgeukia Kelepi, jirani yangu. Mimi hakuna aliyenitazama, hata mke wangu.

Kweli, Toa, farasi wa Kelepi, anang'aa kama kiatu cha polisi. Lakini ni chupa hizo! Ya manyoya, ya kwato, ya nzi, zote za dukani, zimevuka bahari. Nimeuliza bei ya ile ndogo. Nimetoka dukani bila kuaga.

Njiani nimeokota chupa tupu aliyoitupa Kelepi. Nikasoma nyuma yake. Neno la kwanza kabisa: nazi. Nazi! Sisi tunaojikwaa kwenye nazi kila tukitoka nje! Nimecheka peke yangu, nikamshukuru Mungu.

Nimekuna, nimekamua, nimempaka farasi wangu Kuini tui la kwanza, zito, kuanzia shingoni hadi mkiani. Katulia kama bibi harusi. Lesieli, mke wangu, kauliza tui la mboga liko wapi. Nimemjibu liko katika kazi ya Bwana. Tumekula viazi vikuu vikavu.

Alhamisi, 11 Septemba

Manyoya yamelainika! Ila nzi wa kisiwa kizima wamehamia kwetu.

Nimekaa jikoni kuwaza. Lesieli alikuwa akikata vitunguu, nikaona nzi wanatoka dirishani mmoja mmoja. Nami nikatoka. Hapo hapo nikapata wazo. Nimeponda vitunguu vyote, nimemsugua Kuini mgongo na mbavu. Nzi wamekimbia.

Mimi nimelia machozi, yeye hata tone. Kwa nini farasi halizwi na vitunguu? Nimemtazama machoni muda mrefu. Naye kanitazama. Tumeachana hivyo hivyo, hakuna aliyejua.

Ijumaa, 12 Septemba

Kwato zina nyufa. Nimekaa nazo, nikazigonga, nikazinusa. Ukwato ni ukucha tu, mkubwa. Na ukucha wangu ulipopasuka marehemu mama aliufanyaje? Maji ya chumvi, kisha jani la magimbi. Basi nimemsuuza Kuini kwa chumvi mwili mzima, kwa kuwa chumvi ilibaki. Kisha nimeyalainisha majani ya magimbi kwa mvuke, nikamfunga miguu yote minne kwa kamba.

Kelepi kaja kuegemea ua. Kasema, "Jirani, hapo umebakiza moto tu."

Nimemweleza kwa upole kwamba dawa hii haihitaji moto. Kacheka mpaka kakaa chini. Wivu ni maradhi mabaya. Nimemwombea kwa jina.

Jumamosi, 13 Septemba

Kuini anapendeza jamani! Tui, kitunguu, chumvi, majani, vyote pamoja. Mbwa watano wamekaa mbele yake wamenyamaza kama waumini. Watu wanapita polepole. Mzee mmoja kasimama, kavuta pumzi, kafumba macho.

Jioni kapita dada yangu Melenaite, mkuu wa akina mama wa kanisa. Kamzunguka Kuini, kambonyeza paja. Macho yakamjaa machozi. Kasema, "Peni, mdogo wangu, sikujua una moyo mkubwa hivi." Kanibusu, kaondoka akifuta pua.

Melenaite hajanisifu tangu nibatizwe. Nina hakika mkokoteni ni wetu.

Jumapili, 14 Septemba

Lazima niandike.

Baada ya mahubiri Melenaite kasimama. Kasema akina mama walikuwa wakiomba wapate kitoweo cha kumpokelea mgeni, na Mungu kajibu. Ndugu yake mpenzi Penisimani kamtoa farasi wake. Tena si kumtoa tu, keshamtia viungo akiwa hai, apate kukolea!

Kanisa likasema amina, maana kwetu nyama ya farasi ni ya karamu. Kelepi kaisema kwa nguvu kuliko wote.

Nilitaka kusimama. Nikafungua kitabu cha nyimbo. Na ningesema nini? Kwetu dada ni dada. Akitaka kilicho changu, ni chake, na ndugu anayebisha hana uso wa kwenda nao popote.

Kuini wangu! Aliyembeba Lesieli hadi zahanati siku ya kimbunga kwenda kujifungua kitindamimba wetu! Hata mchana sijala. Na kilikuwa chakula kizuri.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimemwosha kwa sabuni ya kufulia, tena mara mbili, harufu itoke. Melenaite kapita. Kanishukuru kwa kumsafisha mapema, kasema akina mama watapunguziwa kazi.

Nikampaka majivu aonekane mgonjwa. Kelepi kapiga kelele kutoka kwake, "Sasa anaonekana keshaiva, jirani!"

Jirani wa upande wa pili kaleta sufuria kubwa la kuazima. Kaliweka karibu na Kuini. Kuini kalinusa, kaniangalia. Nimeingia ndani.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeomba tangu alfajiri. Nikajiuliza: dada yuko juu yangu. Je, juu ya dada yuko nani? Nikaruka! Shangazi Vaiola, dada wa marehemu baba. Melenaite mwenyewe akimwona huketi chini.

Nimeenda na kikapu cha viazi vikuu. Nimemwomba tu aseme anamtaka yule farasi, basi, mambo yaishe. Shangazi hana jino hata moja, kwa hiyo nilijua nyama haimhusu. Kanisikiliza, kacheka, kauliza kama Kuini huuma. Nikasema hapana. Kauliza kama anaweza kubeba mtu mnene. Nikasema anaweza. Sikufikiri kwa nini anauliza.

Alhamisi, 18 Septemba

Shangazi kaja kwa miguu yake na fimbo. Kamwita Melenaite mbele ya watu. "Mwanangu, farasi huyu nimempenda. Ni wangu."

Melenaite kaketi chini. Kasema, "Ndiyo, Shangazi." Bwana asifiwe! Nimemkumbatia Kuini. Bado ananukia vizuri.

Kisha Melenaite kanigeukia. Kasema mgeni hawezi kula magimbi matupu. Kayaelekeza macho kwenye banda la nguruwe. Dume langu kubwa, nililokuwa nikilitunza kwa ajili ya harusi ya binti yangu Heleni. Nimesema, "Ndiyo, dada."

Jumamosi, 20 Septemba

Mgeni kafika. Toa kavuta mkokoteni, Kelepi kakaa mbele kifua kimevimba. Lakini nusu ya njia Shangazi kawapita. Juu ya Kuini! Mwavuli mkononi! Mimi mbele nikivuta kamba, nahema. Mgeni kavua kofia kumsalimu. Kauliza farasi huyo mzuri ni wa nani.

Shangazi kasema, "Wangu."

Dume limesifiwa sana. Nilipewa kipande cha sikio.

Jumatatu, 22 Septemba

Kumbe Shangazi hakusema anamtaka kwa mdomo tu. Leo saa kumi na moja alfajiri kagonga dirisha kwa fimbo. Kila ibada, tangu ya alfajiri hadi ya jioni, nimpeleke na kumrudisha, na kumlisha Kuini ni juu yangu kama zamani. Kataka pia kiti cha kukalia juu ya farasi, cha sasa kinaumiza. Vinauzwa, lakini kwa nini ninunue? Godoro la zamani lipo. Nitalikata leo mchana Lesieli akiwa kwenye kwaya.

Jambo jingine, jema zaidi. Jike langu la nguruwe, pekee lililobaki, linajikuna sana. Chawa. Dawa ya dukani haishikiki kwa bei. Nimewaza: chawa atapenda ukali? Hawezi. Basi nimelipaka maji ya ndimu na tangawizi ya kuponda, na tui kidogo juu ili lisiwashwe. Limelala chali, limeridhika kabisa.

Melenaite kapita uani sasa hivi. Kasimama kwa muda mrefu sana. Anafuta macho.

Nadhani hatimaye dada yangu ameanza kuthamini akili yangu.