Kiti cha Mama Pindo

Jumatatu, 4 Mei

Mama Pindo anastaafu! Ameandika asubuhi kwenye kundi letu la mafundi cherehani mtandaoni. Miaka yote ametusimamia bila malipo: anaamua ugomvi, anafuta matusi, anatuliza wenye hasira. Sasa macho yamechoka, daktari amemwambia aache kusoma kwenye simu. Watu wanalia. Nimelia wa kwanza, ili nionekane.

Kiti ki wazi. Kiti ni changu! Mpango: hafla ya kumuaga niiandae mimi. Anayeongoza hafla ndiye anayekabidhiwa.

Mke wangu, bila kuinua macho kwenye mashine yake, akauliza kama huyo siye aliyenifungia mara mbili kwa kutukanana na Fundi Mkasi. Nikamwambia hayo ni mambo ya utawala, hawezi kuyaelewa.

Jumatano, 6 Mei

Mkasi naye anataka kuandaa! Duka lake linatazamana na letu. Namwona dirishani akiandika, ulimi nje. Nikamuwahi. Nimefungua kundi la siri la maandalizi, nikaingiza wanachama wote kwa mkupuo. Kazi safi. Nikaandika kwamba bibi anayestaafu asijue kitu. Kwamba anapenda sifa, kwa hiyo tummwagie mpaka alainike anitaje mimi.

Wa kwanza kujibu: Mama Pindo. Alishukuru kwa kualikwa. Akaniomba nirekebishe jina la kundi, nimeandika Mama Pinda.

Sikati tamaa. Angalau ananikumbuka.

Jumamosi, 9 Mei

Hafla, kwa video. Juu shati jeupe na tai, chini kaptula. Mkasi akajitwalia hotuba, ndefu, watu wakajifuta machozi. Nikazima kipaza sauti, nikamgeukia mke wangu, nikamwambia nikikabidhiwa tu, huyu namtupa nje kabla bibi hajakata simu.

Sikuwa nimezima.

Mkasi akageuza shingo, akanitazama kupitia dirisha. Kisha bibi akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Alipoiokota, sauti ilikuwa imebadilika.

“Wanangu,” akasema, “nyumba yangu haina mtu. Kila nikiamka, kelele zenu ndizo zilizokuwa zikiniambia kumekucha. Sijui kesho nitaamka vipi.”

Nikalia. Safari hii si kwa kuonekana.

Halafu akasema anamtaja mrithi. Nikakaza tai. Akamtaja mke wangu!

Kumbe wageni wote wanaouliza kwa nini uzi unakatika, anayewajibu ni yeye, huku mimi nikigombana. Hongera zikamiminika. Mkasi alipiga makofi kuliko wote.

Jumatatu, 11 Mei

Mume wa Msimamizi. Si cheo kidogo. Nimemwandikia mke wangu kanuni mpya za kundi, amezifunikia sufuria. Nimemwomba amtoe Mkasi. Hataki, yuko kwenye simu na Mama Pindo, anampigia kila asubuhi tangu hafla.

Basi, mume humsaidia mkewe. Alipoingia kuoga nikachukua simu yake, nikatafuta jina la Mkasi, nikabonyeza kwa moyo mkunjufu.

Kumbe nimebonyeza jina langu. Nimejitoa mwenyewe.

Mke wangu anasema nitume maombi kama watu wengine, atayatazama akipata nafasi. Simsubiri! Nimefungua kundi langu la mafundi. Mwanachama mmoja. Uchaguzi umefanyika leo mchana, huru na wa haki. Nimepita bila kupingwa.