Mkono wa Nyange

Jumanne, 20 Januari 2026
Chumba cha walimu kina feni moja, na kiti kilicho chini yake ni changu. Sasa Mwalimu Gaudens wa hesabu anakitaka! Tumekubaliana: mshindi wa fainali yetu ya besiboli ya kwenye simu, Jumamosi, atakikalia mwaka mzima. Yeye keshafuzu. Mimi bado mechi tatu. Nitashinda! Ninaye Nyange, mrushaji wangu wa akiba, niliyempa jina la ami yangu wa Makoongwe. Mrushaji wa kwanza akichoka, namwingiza Nyange, na wapigaji hawauoni mpira. Ila kila akirusha, alama ya mkono wake hugeuka nyekundu, na hairudi kijani mpaka zipite siku tatu. Gaudens ana daftari, anaandika kila mrushaji karusha mara ngapi. Eti tuwapumzishe. Mke wangu Mwanapili naye kasema hata ng'ombe wa gari hulazwa. Wamekula njama hawa.

Jumatano, 21 Januari
Nina akili mimi! Mchezo unahesabu siku kwa tarehe ya simu. Nikaisogeza mbele siku tatu: Nyange kijani! Nikashinda. Tatu tena: kijani! Tena! Kabla ya adhuhuri nimo fainali!

Mara simu ikalia kengele yake ya sala: Ijumaa. Nikawaachia Kidato cha Pili mito ya Afrika waichore, mbio nyumbani. Kanzu, kofia, udi. Msikitini hamna mtu ila Mzee Jaribu, anakung'uta mikeka. Akanisalimia vizuri, akasema khatibu atafika keshokutwa. Kurudi shuleni, mwalimu mkuu, Bi Saada, akauliza nilikuwa wapi. Nikasema tumbo. Akauliza kama ni tumbo lililojifukiza udi.

Alhamisi, 22 Januari
Nimeirudisha tarehe. Balaa! Mchezo umeona Nyange kacheza mechi zote siku moja. Mkono umeteguka. Nje mwezi mzima!

Jumamosi, 24 Januari
Barazani kwa Gaudens, baada ya alasiri. Raundi ya tisa, sare! Gaudens akafungua daftari, akaingiza warushaji watatu, mmoja baada ya mwingine, wote kijani. Mimi sina mtu. Nikamsimamisha mpigaji wangu mnene arushe. Mpira wa kwanza tu, ukapigwa ukatoka nje ya uwanja. Kiti kimekwenda. Inauma, sifichi.

Jumatatu, 26 Januari
Gaudens chini ya feni, karatasi zinampepea. Mimi dirishani, jua la uso. Nimemsihi marudiano. Kakubali, leo saa kumi, ila nikishindwa nimsahihishie madaftari yake ya hesabu muhula mzima. Nimekubali hapo hapo! Nyange anahitaji mwezi tu, na miezi ninayo mfukoni.

Ijumaa, 26 Februari 2027
Dakika kumi tu tangu niandike hayo ya juu. Nimeongeza na mwaka kabisa, mkono upone vizuri. Kijani! Kijani tupu! Safari hii Gaudens hanipati. Niishie hapa, simu imelia Ijumaa, na kanzu yangu bado haijapigwa pasi.