Weka Mbali na Watoto

Mwl. Josephat Machibya (Mstaafu),
Misungwi.
11 Novemba.

Kwa Bi. Odeta Machibya,
Mama Mzazi wa Winnie,
Buzuruga, Mwanza.

Ndugu Binti,

YAH: RUFAA DHIDI YA UAMUZI WA KUNIZUIA KUSAFIRI NA MJUKUU WANGU

Mimi ni mzima, na kuku wote ni wazima isipokuwa yule mwekundu. Naomba urejee uamuzi wako ulioutoa kwa mdomo katika wodi ya watoto kule Nansio, mbele ya wauguzi wawili na mgonjwa mmoja asiyehusika. Ulianza kwa kusema, "Shikamoo Baba," jambo ninalolipongeza. Kisha, kabla sijamaliza kuitikia, ukasema, "Winnie hasafiri na wewe tena. Hata kwenda Usagara tu."

Uamuzi huo haukutanguliwa na onyo la maandishi. Isitoshe, shangazi yako Sabina anamsubiri Winnie kisiwani siku ya Krismasi. Dada yangu huyo ana umri wa miaka themanini na minne, na Krismasi za kusubiri hazimo nyingi kwenye akiba yake. Kwa hiyo ninawasilisha malalamiko yangu, kwa namba na kwa heshima.

1. Maagizo yanayopingana. Siku tulipopanda meli ya Nansio ulinikabidhi mkoba wa dawa za mzio za Winnie. Ndani mlikuwa na chupa ya dawa ya maji, sindano mbili zilizotengenezwa mfano wa kalamu, barua ya daktari, na karatasi uliyoiandika mwenyewe. Karatasi yako inasema: "Baba, mkoba huu usikae mbali na Winnie hata hatua tano. Akila karanga koo linavimba, na anaweza kufa." Boksi la dawa, kwa upande wake, linasema: WEKA MBALI NA WATOTO. Sasa mimi nimtii nani? Nilifundisha miaka thelathini na minane na sikuwahi kuona mzazi akikisahihisha kiwanda. Nilikitii kiwanda.

2. Ugumu wa utii huo. Usidhani ilikuwa kazi nyepesi. Winnie alikaa nami sitaha ya juu, hivyo mkoba niliupeleka sitaha ya chini. Huko nilikuta watoto kumi na mmoja, wawili wakinyonya. Boksi halikusema mbali na Winnie. Lilisema mbali na watoto. Nikaupeleka mbele penye magunia, nikakuta mtoto amelala juu ya gunia. Nikaupeleka nyuma, nikakuta kwaya ya Shule ya Jumapili. Mahali pekee pasipokuwa na mtoto katika meli nzima palikuwa chumba cha nahodha. Nilimkabidhi nahodha mkoba, nikamtaka asaini kwenye daftari langu, naye akasaini. Sijui ni babu gani mwingine wa Kanda ya Ziwa angekwenda umbali huo.

3. Uji. Jirani yetu wa benchi alikuwa Bi. Paskazia, mfanyabiashara wa dagaa, mwenye sauti kubwa na ukarimu mkubwa zaidi. Alifungua chupa yake ya chai, ambayo ndani yake mlikuwa na uji wa lishe, akammiminia Winnie kikombe. Winnie, badala ya kupokea kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha, aliuliza, "Bibi, huu uji una karanga?" Benchi zima likageuka kunitazama mimi. Kwetu chakula cha mkubwa hakihojiwi. Nilimwambia, "Pokea, shukuru, kunywa." Akapokea, akashukuru, akanywa. Baadaye nimeelezwa kwamba kila mtu anayesagisha unga wa lishe hutia karanga ndani yake. Mimi sijawahi kusagisha. Ninalalamika kwamba umemfundisha mtoto kumhoji mkubwa, na ninalalamika zaidi kwamba swali lake lilikuwa sahihi.

4. Mlango. Midomo ya Winnie ilianza kuvimba. Akaniambia, "Babu, koo linabana." Niliondoka kwa mwendo ambao sijautumia tangu nilipostaafu, nikafika chumba cha nahodha. Mlangoni pameandikwa: ASIYEHUSIKA HARUHUSIWI KUINGIA. Nilisimama kupima kama ninahusika. Bi. Paskazia akanipita kwa bega, akafungua bila hodi, akatoka na mkoba. Hakuna aliyesaini kuurejesha, hivyo hadi leo, kwa mujibu wa daftari langu, mkoba huo uko kwa nahodha.

5. Usomaji. Karatasi yako ina hatua saba. Nilianza kuisoma kwa sauti ya kufika nyuma ya darasa, nikizingatia vituo. Nilikuwa hatua ya pili Bi. Paskazia aliposema, "Mwalimu, wewe endelea kusoma, mimi nachoma." Akaitazama michoro iliyo ubavuni mwa sindano, akamchoma Winnie pajani, juu ya gauni lake la safari, akahesabu kwa Kikerewe. Abiria walimpigia makofi. Mimi sikupigiwa makofi, ingawa ni mimi niliyefika hatua ya saba, inayoagiza mtoto apelekwe hospitali hata akionekana amepona. Ndipo nahodha alipopiga simu na gari likatusubiri gatini. Nimeona nilitaje hilo kwa sababu wewe hukulitaja.

6. Winnie alipopata pumzi alitafuta mkono wa kushika. Akashika wa Bi. Paskazia.

Baada ya kuyapima hayo yote nimekipata chanzo cha tatizo, nacho si mimi. Dawa sharti iwe mbali na watoto. Dawa hiyo hiyo sharti iwe karibu na Winnie. Agizo la kwanza ni la lazima na la pili ni la lazima. Kwa hiyo hitimisho ni moja tu, nalo ni kwamba Winnie si mtoto. Kutokana na hitimisho hilo, naomba yafuatayo:

(a) Winnie, mwenye umri wa miaka saba, atambuliwe kuwa mtu mzima tangu meli inapoondoka Mwanza hadi inapofunga gati Nansio.

(b) Katika muda huo nitamwita Bi. Winnie, naye ataniita Ndugu Machibya. Shikamoo itasimamishwa. Tutaulizana habari za safari kama watu wa rika moja.

(c) Kwa kuwa ni mtu mzima, atakuwa na haki ya kuhoji uji wa mtu yeyote, na mimi nitanyamaza. Akikataa chakula, nitasema, "Bi. Winnie amekataa," na mazungumzo yataishia hapo.

(d) Watoto wengine wa melini nao wapandishwe cheo kuwa watu wazima, maana mkoba utapita karibu nao. Najua utauliza, kama ulivyozoea kuuliza, kwamba wakipandishwa wote, meli itasafiri bila mtoto hata mmoja, na boksi litamhusu nani? Nimelifikiria. Katika safari hiyo mtoto nitakuwa mimi. Dawa itakaa kwa Winnie, mimi nitakaa mbali nayo, na hakuna agizo litakalovunjwa.

Naomba jibu la maandishi kabla ya mwezi huu kuisha ili nimjulishe shangazi yako. Nifikishie salamu kwa mumeo, kwa mama mwenye genge hapo nje, kwa jirani yenu anayefuga bata, na kwa wote wanaoniulizia na wasioniulizia. Salamu za Winnie zitolewe kwanza, kabla ya za wakubwa.

Ni mimi baba yako, katika kufuata utaratibu,

J. Machibya
Mwalimu Mkuu Mstaafu

Nyongeza: Barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha. Nimeifungua tena.

Boksi nimelisoma kwa mara ya kwanza juzi. Siku ya safari sikulisoma. Huko kuzunguka sitaha hadi sitaha hakukuwapo. Nilikwenda kwa nahodha moja kwa moja. Mkoba ule ni wa rangi ya waridi na una picha ya sungura aliyefungwa utepe masikioni. Pale sitaha ya juu walikuwapo wanafunzi wangu wanne wa zamani, na mmoja wao sasa ni diwani. Waliponiamkia niliona macho yao yameshuka begani kwangu. Nilitafuta mahali pa kuuficha.

Siku ile kule wodini ulibeba dawa zilizobaki, ukaacha mkoba kwenye kiti, ndani mna boksi tupu na karatasi yako tu. Ninao. Jumapili niliuvaa begani nikaenda nao kanisani, nikakaa benchi la mbele, na wakati wa kurudi nilipita sokoni katikati. Shigela kinyozi alipaza sauti, "Mwalimu, unaanza chekechea lini?" Nilimjibu kwamba nimeshaanza. Leo ni siku ya nne, na ninauvua wakati wa kulala tu.

Malalamiko yote sita nimeyaondoa. Wewe njoo siku yoyote bila kunijulisha, unikute njiani, utazame begani kwangu. Kisha uamue.