Watu Hapa Wanasoma Rangi

Jumatatu, 3 Septemba 1956
Nimeanza mafunzo ya kutengeneza dawa hospitalini. Umri wangu miaka arobaini na minne. Vitabu nilivyosoma havihesabiki. Barua nilizopeleka magazetini ni mia na kumi na tatu, zilizochapishwa, tisa. Na kazi niliyopewa leo? Kuosha chupa! Msimamizi wetu, Bwana Kristofa, Mbondei wa Muheza aliyekaa miaka kumi na sita katika chumba cha dawa, alinipa brashi na pipa la maji. Nikamwuliza elimu itaanza lini. Akasema imekwisha anza.

Tuko wanafunzi wawili. Mwenzangu ni Luka, Mlutheri wa Lushoto, miaka ishirini na sita. Ananiamkia shikamoo mzee, kwa sauti kubwa, mbele ya wauguzi. Adui mjanja. Jumamosi ya wiki ijayo Daktari Mkuu atamthibitisha mmoja wetu. Mmoja tu! Nikishindwa nitakwenda Pangani kwa shemeji yangu Sadalla, niwasimamie watu wanaofua nazi zake, huku yeye akinisimamia mimi.

Jumanne, 4 Septemba
Chupa. Mkono umevimba. Mke wangu Mwanamkasi ameshatangaza mtaa wetu wa Mabawa mzima kwamba mumewe ni daktari. Jirani yetu Bi Mwamvua, mjane, alikuja jioni kunitolea ulimi niupime. Nikautazama. Nikamwambia ni mzuri.

Alhamisi, 6 Septemba
Leo mizani. Tumepima kwinini. Ya Luka sawasawa. Yangu, alisema Bwana Kristofa, ingemtosha punda.

Mchana tukapewa madirisha, Luka la kwanza, mimi la pili. Wagonjwa huja na chupa zao kutoka nyumbani, za soda, za siki, za mafuta ya nywele, nasi tunawajazia kutoka mitungini. Dawa ya kikohozi ni ya kahawia. Dawa ya kuchua viungo hutiwa rangi nyekundu, nayo peke yake. Bwana Kristofa alilieleza hili mara tatu: lebo tunaiandikia serikali, watu hapa wanasoma rangi, na wanajua nyekundu hainywewi. Luka aliandika daftarini. Mimi sikuandika. Nimesoma historia ya dini nne, nitaandika kwamba nyekundu ni nyekundu?

Jumamosi, 8 Septemba
Fedheha! Daktari Mkuu alipita kukagua. Foleni ya Luka ilifika mlangoni. Yangu ilikuwa ya watu wawili, mmoja amelala. Nikamwuliza mwanamke mmoja kwa nini asije upande wangu. Akasema, "Kwako hotuba, baba. Kwa yule dawa." Nilikuwa nikiwaeleza chanzo cha kikohozi, basi. Watu hawataki nuru.

Jumatatu, 10 Septemba
Nimepata! Mwinyijuma, mvuvi wa Moa huko mpakani, alinirudishia chupa akidai dawa yetu ya kikohozi ni maji ya mtaro, na yeye hakupanda gari njia yote hiyo kuja kunyweshwa mtaro. Nikawaza. Mgonjwa hupona kwa macho kwanza. Matabibu wa Baghdadi walilijua hilo, Bwana Kristofa halijui. Basi, matone sita ya rangi nyekundu katika kila chupa, chini ya meza. Mitungi hukaguliwa, chupa ya mgonjwa nani ataikagua? Dawa inang'aa kama sharbati! Mwinyijuma aliipeleka juani, akaitazama, akasema sasa ndiyo dawa.

Jumatano, 12 Septemba
Ushindi. Foleni yangu imezunguka kisima cha hospitali. Wanasema wanataka ile nyekundu ya mzee. Luka aliniuliza kwa adabu siri yangu ni nini. Nikamwambia uso wa bashasha.

Bi Mwamvua alikuja na chupa mbili za siki. Moja nilimjazia mwenyewe ya kikohozi, nyekundu, nikamwambia hii mpya, anywe vijiko viwili. Akataka na ya kuchua magoti. Nikamwambia, dada, hiyo kaichukue dirisha la kwanza, mimi nina watu. Daktari Mkuu alipita akatabasamu upande wangu. Nadhani ni upande wangu.

Ijumaa, 14 Septemba
Bi Mwamvua ameletwa asubuhi kwa machela. Amekunywa dawa ya kuchua. Midomo imebabuka, kifua kinakoroma kama msumeno. Wanawe walileta chupa moja tu, ya Luka, lebo ya Luka, mwandiko mzuri wa Luka. Ile nyingine, yangu, waliivunjia shimoni kwa hasira.

Luka akaulizwa alimwambia nini. Hajui kusema uongo. Akajibu kwamba alimwambia, "Ni ile ile nyekundu, bibi, unaijua," kama anavyoambiwa kila mtu miaka yote, na bibi akajibu anaijua sana. Daktari Mkuu hakutaka kusikia zaidi. Luka akawa anatazama mikono yake. Mimi nilikwenda kuosha chupa. Niliosha zilizokwisha oshwa.

Dirishani nikatoa dawa ya kahawia. Watu wakanung'unika, eti tumewanyima nyekundu, tunawawekea Wazungu. Bwana Kristofa alikuwa nyuma yangu, anasikiliza.

Jioni nikaamua. Nitaungama! Mimi si mwoga. Nimeandika barua ya kurasa kumi na moja. Jambo kama hili halielezeki bila kugusa kwanza hali ya afya katika makoloni.

Jumamosi, 15 Septemba
Saa mbili nilimkabidhi Bwana Kristofa barua. Saa nne Luka akaachishwa. Saa tano nikathibitishwa mimi. Nikamfuata Bwana Kristofa, nikamwuliza kama ameisoma. Akasema amefika ukurasa wa nne, na mpaka hapo anaona nawalaumu Wareno.

Bi Mwamvua ataishi. Sauti haitarudi. Mabawa nzima walikuwa wakiisikia asubuhi akifukuza kuku; leo kuku wameshinda uani kwake, wanatembea tu.

Mwanamkasi alipika wali wa kuku kusherehekea. Akaniuliza, kwa jina la binti yetu, Baba Mastura, mbona huli? Nikamwambia nimefunga. Akasema, nani hufunga baada ya magharibi?

Jumapili, 16 Septemba
Bwana Kristofa alikuja nyumbani kutoka kanisani, barua mkononi. Hakukaa. Alisema amefika ukurasa wa tisa. Halafu akawa anatazama kuku wa jirani.

Akasema Daktari Mkuu hasomi kurasa tisa za mtu yeyote. Kesho saa nne anapanda meli, likizo ya miezi sita, na Luka anarudi kwao kwa gari la saa sita. Nikamwuliza kwa nini asiende kusema yeye. Akajibu ataambiwa anamtetea Mkristo mwenzake; sahihi inayotakiwa ni yangu. Akachukua penseli, akageuza bahasha, akaniandikia mwenyewe: "Rangi nilitia mimi." Akasema nitie sahihi tu. Maneno matatu, Bwana Idarusi, alisema, na wewe unayo mengi kuliko hayo.

Nikasema nitafanya. Atapita saa moja asubuhi kuichukua. Mungu ni shahidi, nimekusudia.

Jumatatu, 17 Septemba
Saa moja alipita. Nikamwambia bado kidogo. Maana mstari mmoja hautoshi! Rangi nilitia mimi. Msomaji atauliza: rangi gani? Kwa sababu gani? Nani alimfundisha mgonjwa kuzitii rangi kuliko maandishi? Huwezi kumtupia mtu maneno matatu juu ya jambo zito kama hili. Ni kumdharau Bi Mwamvua mwenyewe.

Saa tatu akanijia tena, chumba cha dawa. Safari hii aliniomba. Kwa kweli aliniomba, kofia mkononi, akasema kijana wa watu ana mama. Nikamwambia niko ukurasa wa kumi na tisa na mambo yanaanza kueleweka. Akaniuliza jina la Luka limefika ukurasa wa ngapi. Nikamwambia asikatishe mtiririko.

Saa nne meli ikapiga honi. Niliisikia, sikatai. Nilikuwa katikati ya aya nzuri sana juu ya rangi katika makaburi ya Misri. Mtu haachi aya kama ile.

Saa sita gari la Lushoto likaondoka. Bwana Kristofa alikwenda kumsindikiza. Aliporudi hakunisalimu. Alichukua mitungi yote ya chumba cha dawa akaanza kuimwaga na kuiosha mmoja mmoja, mwenyewe. Nikajitolea kumsomea sura ya kwanza ya barua yangu wakati akifanya kazi. Akauvuta mtungi uliofuata. Hapo ndipo nilipogundua kosa langu, nalo nalikiri waziwazi: sura ya kwanza ni fupi mno.

Jioni. Waraka utamfuata Daktari Mkuu Ulaya kwa posta. Sasa una kurasa thelathini na mbili. Bado utangulizi.