Bwawa la Kunyooshea Migongo, Garissa

Mheshimiwa mgeni wa heshima, ambaye ametuma salamu kwamba gari lake limekwama kwenye matope ya El Niño. Mwakilishi wake, ambaye amekwama nyuma yake. Masheikh, machifu, manaibu wa machifu na wote wanaotarajia unaibu. Akina mama wa vikundi. Wazee mliokalia viti na ninyi mliokalia viatu vyenu. Mabibi na mabwana, assalaam aleykum! (Umati: "Wa aleykum salaam!") Sijasikia. (Umati, kwa uchovu wa jua: "Wa aleykum salaam.")

Mimi, Yahye Abdikafi, Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Kudumu ya Unyumbukaji wa Viungo, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu unaojulikana wilaya nzima, kutangaza kwamba nyuma ya ua huu wa mabati, uliofungwa utepe mwekundu na mimi mwenyewe, maendeleo yamewadia. (Makofi.)

Kwa miaka mingi mwananchi wetu amekuwa akijinyoosha nchi kavu, mifupa ikilia kama mlango wa lori bovu, wala asipate faida yoyote. Lakini utafiti tulioufanya katika ziara ya mafunzo kwenye hoteli moja ya Mombasa, ulioongozwa na mimi na kuhakikiwa na mimi, umebaini kwamba majini mwili huwa mwepesi, vuguvugu hulegeza misuli, na mtu ambaye nchi kavu huishia magotini, majini hufika vidole vya miguu, ongezeko la asilimia mia moja na arobaini! (Makofi. Mwanamke mmoja: "Na chakula cha hoteli?") Chakula, mama, kilikuwa sehemu ya methodolojia.

(Mzee Kulow, aliyeletwa na binti yake Sahara kutoka Hadado kwa lori la mbuzi, anainua fimbo. "Mwenyekiti, mgongo yangu ilikufa nilipoanguka kisimani. Sasa naswali juu ya kiti kama mgeni. Nataka niiname mbele ya Mungu wangu kabla sijafa. Naingia maji saa ngapi?")

Swali zuri sana, mzee wangu, nalo litajibiwa katika muktadha wake mpana. Kwanza, ili msidhani haya ni maneno matupu, nitawaonyesha hasara za nchi kavu. Sahara, binti yangu, nishikie kipaza sauti. Tazameni. Napumua. Nainama. Nimefika magotini. Sasa nalazimisha kidogo, kitaalamu, napita mago... (Mlio unasikika hadi safu ya nyuma. Mwenyekiti anabaki ameinama.)

Msicheke. Onyesho linaendelea. Nitahutubia nikiwa hivi hivi, kwa sababu kiongozi bora huwa karibu na ardhi. Kuhusu ratiba, akina mama wataingia Jumatatu na Jumatano, kwa pazia zito, na akina baba... aaah! Nani amenigusa?

(Sahara: "Ni mimi, adeer. Umeshikwa? Jaribu kuinuka.")

Nimejaribu, binti yangu.

(Mzee Kulow: "Waryaa, vijana! Si amesema maji inalegeza? Mbebeni! Aingie yeye wa kwanza!" Umati: "Bwawani! Bwawani!" Vijana wanamnyanyua akiwa bado amejikunja.)

Ndugu zangu, kuna itifaki! Utepe haukatwi bila mgeni wa heshima! Niwekeni chini! Msinirushe, nasema, msinirushe, ndani hakuna maji!

(Vijana wanamshusha chini.)

Naam. Kwa upande wa maji, kuna changamoto. Na tukisema ukweli, hata kwa upande wa bwawa.

(Bati linasukumwa. Nyuma yake kuna mchanga, mgunga mmoja, na mbuzi wamelala kivulini. Mzee Kulow anawatazama. "Sahara," anasema, "nimesafiri na mbuzi njia yote hiyo nije nione mbuzi?" Sahara anamshika mkono. "Aabo, turudi nyumbani." Mzee anatikisa kichwa. "Mto iko pale. Mto haikungoja kamati. Leteni mkokoteni wa punda, mtupandishe sisi wawili.")

Mzee wangu, Tana ina mamba! ("Mamba na wewe mtaelewana," anasema mzee, na mkokoteni unaondoka, umati ukiufuata.)

Iandikwe kwamba hotuba inaendelea safarini. Iandikwe pia kwamba ninapinga!

(Penye maji tulivu ya mto, wanakonyweshwa punda, vijana wanapiga maji kwa fimbo kufukuza mamba. Sahara anamwingiza baba yake hadi kifuani, mikono yake mgongoni mwa mzee. Mzee anasukuma kiuno nyuma, anajaribu, anapumzika, anajaribu tena. Anainama. Si sana, rukuu tu, kidevu kikigusa maji. "Bismillah," ananong'ona. "Sahara, umeona?" Sahara anaitikia kwa kichwa. Pembeni Mwenyekiti amesimamishwa majini, bado amejikunja.)

Mmeona, wananchi? Utafiti wangu umethibitika! Viungo, oyee! (Umati, kwa mzee: "Oyee!") Maji, juu! Migongo, juu! Kwa hayo machache, nawashukuru kwa kuhudhuria kwa wingi ufunguzi wa bwawa ambalo halikuchimbwa, halikuchorwa, wala halikuwahi kujadiliwa katika kikao chochote cha kamati, ambayo nayo ni mimi peke yangu. Na sasa, kwa heshima na taadhima, naomba yeyote aliye karibu aniinue kichwa, kwani maji yanaingia puani.