Togwa ya Siku Tatu

Jumatatu, 9 Juni

Balaa! Jana Liuli, ubatizo wa mtoto wa dada yangu Bonifasia. Nilikunywa togwa tu, uji mtamu wanaopewa hata watoto. Kwamba ilikuwa imekaa siku tatu na inatoa povu, hilo si kosa langu. Jioni naipandisha Kenta yenye magunia ya usipa, dagaa wakavu wa ziwani, kutoka Mbamba Bay, ziwa linang'aa nyuma yangu, najiona naelea. Kwenye kona, trafiki. Afande Tadea akanipa kipima ulevi nipulize. Akanikalisha robo saa juu ya jiwe, nikapuliza tena. Mawingu yalikuwa mazuri mno. Kesi wiki ijayo.

Mama Hedwiga, mwenye gari, amesema nikipatikana na hatia ufunguo unakwenda kwa utingo wangu, Kilian. Kilian! Leseni yake haijakauka wino. Asubuhi nimemkuta kwenye kiti changu anarekebisha kioo.

Jumatano, 11 Juni

Nimeota hakimu analia, ananikumbatia, anakitupa kile kipima ziwani. Nimeamka na mpango. Mashine haijui kutofautisha mdomo na tumbo! Mtu akisukutua togwa tu, bila kumeza, itapiga kelele. Nitathibitisha mbele ya mashahidi. Mke wangu Ottilia ameuliza kwa nini nisikiri tu, niombe huruma. Maskini, yeye haoti.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekwenda kituoni na chupa. Afande Tadea amecheka, kisha akakubali. Nikasukutua, nikatema, nikapuliza. Ikapanda juu kabisa! Nikaita askari wote waone.

Afande akaniambia nikae robo saa. Nikakaa, nikaiona akilini Kenta yangu inashuka Mbamba Bay, ziwa linafunguka kona kwa kona. Nikapuliza tena. Sifuri. Akanishukuru sana. Akaeleza kwamba pombe ya mdomoni huisha upesi, iliyoingia mwilini hubaki, na siku ile yangu ilibaki vilevile baada ya robo saa. Akaandika yote, nikasaini. Saini imetoka nzuri.

Jumatatu, 16 Juni

Hakimu hakulia. Faini, na leseni imefungiwa miezi sita. Amesema kilichomsaidia zaidi kuamua ni jaribio langu. Nimeona fahari kidogo. Halafu nje nimemkuta Kilian anaufuta usukani kwa shati lake la kanisani. Nimeumia sana. Naupenda ule usukani.

Jumapili, 22 Juni

Liuli tena, safari hii kama abiria wa Kilian. Dirishani nimeliona ziwa lote hadi milima ya ng'ambo. Miaka yote nimetazama barabara, sikujua maji yana rangi nyingi hivyo. Nusura nimsamehe Kilian.

Lakini mpango ulikuwa tayari. Bonifasia alikuwa ameniwekea dumu la togwa, siku tatu barabara. Kilian anywe, apimwe, Kenta ilale uani ikinisubiri. Kilian akaomba chai! Dumu likabaki linanitazama. Kumwaga chakula ni dhambi.

Kurudi, kona ileile, Afande Tadea yuleyule. Kilian akapuliza: sifuri. Nikashuka, nikaomba nami nipulize. Afande akasema abiria hapimwi. Nikasisitiza. Mashine ikapiga kelele hadi ndege wakaruka mitini. Nikamgeukia Kilian, nikamwambia ajionee mwenyewe: nimekaa dirishani tu, usukani sijaugusa, na bado inanisingizia.